Daftari la Wenye Magari ya Porini

Nyumbani,
Jumatano, asubuhi.

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Mama amenionya nisikimbilie habari kabla ya salamu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, kwa hiyo nauliza kwanza. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na huyo aliye tumboni, bado anasubiri ulale ndipo aanze mateke? Mama anasema miguu ikivimba uiweke juu ya mto, na ndoo ya maji usiinyanyue hata kama ni nusu. Amenifanya nirudie maneno hayo mara mbili ndipo akaniachia kalamu.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Magoti ya mama yanamsumbua asubuhi, yakipata jua yanatulia. Mimi shuleni muhula uliopita nilikuwa wa tatu darasani, na kwa Kiswahili nilikuwa wa kwanza. Ningependa kukupa habari hiyo kwa furaha, lakini ukisoma mbele utaona kwa nini siwezi kuifurahia.

Barua yako niliipokea mimi. Nilimsomea mama yote isipokuwa ukurasa wa mwisho, ule unaouliza kwa nini baba hamsalimii tena baba mkwe wako, na kwa nini shemeji alipopiga simu baba alijibu kwamba ana kazi, kisha akakata. Umeandika kwamba shemeji halalamiki, ila siku hizi anakula huku anatazama ukuta. Umeandika pia kwamba mtoto wenu atazaliwa akute babu wawili wasioangaliana usoni. Dada, ukurasa huo nimeukunja na kuukunjua mpaka umeanza kuchanika. Baba hatakujibu, na mama anajua nusu tu. Ningekupigia, lakini unaijua simu ya mama, haisikiki mpaka uweke sauti ya juu na nyumba nzima isikilize. Kwa hiyo nakuandikia, na nitaanza mwanzo ili usipotee njiani.

Unawakumbuka wenye magari ya porini. Ulipokuwa hapa ulikuwa ukiwapikia chai na kulalamika kwamba wanaacha alama za mafuta kwenye vikombe. Bado wanakuja uani kwetu kila Jumamosi, kwa sababu baba ana mashine ya kuchomelea na karakana yake ina kivuli. Bado wanalala chini ya magari mpaka unaona miguu tu, wanaazimana spana na kuzisahau kuzirudisha, na kila mmoja anasimulia alichotengeneza au alichobadilisha kwenye gari lake wiki hiyo. Ulipoolewa walikuwa wanasimuliana kwa mdomo tu. Kisha Muuza Maji akataka kupandisha bomba la kuvutia hewa mpaka juu ya paa, kama alivyosimuliwa, akasahau kuziba kiungo kimoja, na alipovuka mto injini ikavuta maji. Walimcheka mwezi mzima. Walisema injini yake imekunywa maji mengi kuliko wateja wake wote. Ndipo baba akasema yanayosimuliwa yaandikwe, na kwamba ana binti mwenye mwandiko.

Nilijisikia mkubwa, dada. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda karibu na meza ya kuchomelea, nikiandika harakaharaka kwenye karatasi za rasimu, maana watu wale wanasema wote kwa pamoja. Jumapili nilikuwa natulia na kuandika upya kwa unadhifu kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Tuliandika jinsi ya kuzuia vumbi mlango wa nyuma kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Tuliandika jinsi ya kufunga betri ya pili. Daktari wa mifugo alieleza rafu aliyoitandika zulia ili chupa zake za dawa zisigongane, na mimi nikamchorea picha. Baba aliweka sharti moja, na wote wakalikubali: kilichoandikwa daftarini kimeshapimwa na mwenyewe, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kukifanya kwenye gari lake bila kuuliza tena. Waliliheshimu daftari lile. Hata kulishika walikuwa wananawa kwanza.

Baba mkwe wako alikuwa wa kwanza kuliinua gari lake. Aliweka springi ndefu zaidi, likasimama juu kwa vidole vinne kuliko yote. Wenzake walilizunguka kama watu wanaotazama ng'ombe wa mahari. Kisha akaanza kusimulia alivyofanya. Unamjua, ukimuuliza saa ngapi, atakuanzia siku aliyoinunua saa. Alisimulia karibu saa nzima, akapitia kwa fundi wa zamani aliyemfundisha useremala, akaingia kwenye yadi ya vyuma chakavu ambako mwenye yadi anafuga kasuku anayewatukana wateja, na hapo watu wakacheka mpaka Muuza Maji akakaa chini. Niliandika. Jumapili nikanakili. Ilipendeza sana. Ilikuwa na hatua kumi na moja, kila hatua kwenye mstari wake.

Daktari hakuwepo Jumamosi ile. Mvua zilipochimba njia ya kwenda kwa wafugaji, tumbo la gari lake likawa linakwaruza mawe, naye akanunua springi kama zile na kumletea baba. Baba mkwe wako alikuwa safarini. Ndiyo ile wiki aliyokuja kwenu kuwaletea kitanda cha mtoto. Baba hakuona sababu ya kumsubiri. Alifungua daftari, akaliegemeza kwenye boksi la misumari, na kwa siku mbili akafuata mwandiko wangu mstari kwa mstari. Alikuwa akiniita nimsomee akiwa chini ya gari. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya darasani, na yeye anaitikia kila nikimaliza hatua. Walilijaribu gari kwenye uwanja wa mpira. Breki zilishika vizuri. Daktari alinishukuru mimi pamoja na baba, akasema ng'ombe sasa watamwonea wivu, maana gari limekuwa refu kuliko wao.

Baada ya siku tisa alikuwa akiteremka kilima kwenda kumtazama ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Gurudumu moja likaning'inia kwenye korongo, na breki zikakata pale pale. Gari likateremka lenyewe mpaka kwenye mwamba. Wafugaji walimtoa kwa kung'oa mlango. Hospitalini walijaribu kuuokoa mguu wa kulia kwa siku nne, kisha wakaukata chini ya goti. Mama alikuambia kwenye simu kwamba Daktari ameumia mguu. Nadhani hakuweza kusema zaidi ya hapo.

Gari lililetwa uani kwa kukokotwa, siku ya Jumamosi, wote wakiwepo. Baba aliingia chini yake peke yake. Alikaa huko muda mrefu mno, na tulikuwa tunaona viatu vyake tu, havisogei. Alipotoka alikuwa ameshika mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Ulikuwa umechanika katikati. Aliwaeleza kwa sauti ndogo kwamba gari likiinuliwa, mpira ule unakuwa mfupi. Kwenye tambarare unatosha. Gurudumu likining'inia shimoni, unavutika mpaka unakatika. Kisha akamgeukia baba mkwe wako, akamuuliza kama yeye alibakiza mpira ule ule wa zamani.

Baba mkwe wako alijibu kwamba hapana, alitafuta mpira mrefu, wa lori, na kwamba alikwishawaambia. Baba akamuuliza lini. Akasema siku ile ile, kwenye habari za kasuku. Kwani walidhani alikwenda kufanya nini kwenye yadi ya vyuma chakavu, kuamkiana na ndege?

Hakuna aliyecheka. Wote walimkumbuka kasuku, dada. Muuza Maji alikumbuka hata tusi lenyewe, kwamba ndege alimwita mwizi na kumtaka arudishe alichochukua. Lakini alichokwenda kununua hakuna aliyekikumbuka. Mmoja alisema kioo cha pembeni. Mwingine akasema taa. Baba akaleta daftari, akasoma hatua zote kumi na moja mbele ya watu, na mpira wa breki haukuwemo. Kisha akaniita. Aliniuliza, bila ukali wowote, kama niliandika kila alichosema mzee huyu. Nilijibu kwamba ndiyo, baba.

Muuza Maji akasema basi mambo yako wazi, kuna watu wanaotaka kuonja peke yao utamu wa kuwa na gari refu. Baba hakusema maneno ya namna hiyo, lakini aliyosema yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu aliyasema taratibu. Alisema amekula na mtu huyu miaka ishirini, amempa binti yake amlee kama wake, na leo mtu huyu anaona mguu wa mwenzake umekatwa na bado anatafuta mahali pa kuficha uzembe wake ndani ya hadithi ya ndege. Baba mkwe wako akafungua mdomo. Akanitazama mimi. Kisha akaufunga, akaokota spana zake mbili, akaenda zake kwa miguu na kuliacha gari lake hapo mpaka kesho yake.

Tangu siku hiyo hakanyagi kwetu. Waliokuwa wamemwagiza milango na madirisha wameagiza kwingine. Nikipita kwenye karakana yake njiani kwenda shule naona mbao zimesimamishwa ukutani, zile zile za wiki iliyopita. Gari lake amelishusha. Amezirudisha springi za zamani, peke yake, bila mtu wa kumshikia taa, nalo sasa liko chini kama la mtu mwingine yeyote. Baba naye si yule unayemjua. Anachomelea geti moja siku tatu. Jumamosi wenzake wanakuja bado, lakini wanatengeneza kimya, na mtu akifungua daftari anasoma, anakwenda kuangalia, anarudi kusoma tena. Wanaliogopa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Dada, aliyasema. Baba mkwe wako aliyasema yote. Kwenye karatasi yangu ya rasimu, ile ya Jumamosi, imo: "akaenda yadi kutafuta mpira mrefu wa breki, wa zamani unakuwa mfupi, kasuku." Ni mwandiko wangu, na juu ya maneno hayo nimepitisha mstari wa kalamu nyekundu.

Wiki ile shuleni tulikuwa tukijifunza ufupisho. Mwalimu alitufundisha tuondoe hadithi, mifano na mizaha, tubakize hoja peke yake. Nilipata alama zote. Nilikuwa na furaha, nikaona nitumie niliyofundishwa. Jumapili nilichukua masimulizi ya baba mkwe wako, nikaona pale anapoingia kasuku, nikajua huu ni mzaha, nikaukata wote kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho. Mpira wa breki ulikuwa ndani yake. Sikusoma kama mtu anayefikiria gari. Nilisoma kama mtu anayetafuta alama. Hata nilijisifu kimoyomoyo kwamba nimemsaidia mzee, nimemwondolea maneno mengi.

Hilo lilikuwa kosa, na kosa labda lingesameheka. Lakini baba aliponiuliza mbele ya watu, nilikuwa nimekwishakumbuka. Neno kasuku lilipotajwa tu, niliuona mstari mwekundu machoni kama niko mbele yake. Nikasema ndiyo, baba. Kisha nikaingia ndani, nikaitafuta karatasi ile, nikaificha ndani ya jalada la kitabu changu cha Jiografia, na kwa wiki tano nimekwenda nayo shule na kurudi nayo.

Ningeendelea hivyo. Sitaki kukudanganya na wewe. Lakini Jumapili iliyopita mama alinichukua twende hospitali kumwona Daktari. Amekonda, ila mdomo wake ni ule ule. Alimwambia mama kwamba siku hizi hana haraka ya kuchakaza viatu, vinachakaa kimoja kimoja. Aliniomba nimsomee gazeti. Nilipokuwa nasoma akanikatiza, akauliza kama Seremala, yaani baba mkwe wako, bado hasalimiani na baba. Nilisema bado. Akasema Seremala alikuja hospitali siku ya pili baada ya upasuaji, akasimama mlangoni, na yeye alipomwona alimwomba muuguzi amwambie kwamba mgonjwa amelala. Alikuwa macho kabisa. Alisema mzee alisubiri kwenye benchi mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha, na kwamba yeye alikuwa anauona mkono wake na kofia yake magotini kupitia uwazi wa mlango. Kisha akaniambia niendelee kusoma. Sikuweza, dada. Herufi zilikuwa zinaelea.

Jumatatu nilipotoka shule nilikwenda karakana ya baba mkwe wako. Alikuwa anapiga randa ubao. Nilimwamkia, nikampa karatasi. Aliisoma, na alipofika kwenye kasuku akatabasamu kidogo. Nilimwambia yote. Nilidhani atanifukuza. Aliniambia kwamba anajua. Anajua tangu siku ile, maana aliponitazama uani aliiona sura yangu, na mtu aliyelea watoto hahitaji karatasi. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Alijibu kwa kifupi, yeye ambaye hajui kifupi. Alisema mguu wa mtu ni mzigo mzito, mtoto hauwezi, na mabega yake yeye yamezoea mbao. Akanirudishia karatasi, akaniambia nikaichome, nisome, nisije tena na habari hizo.

Nikamuuliza, na baba je? Akasema baba yako ni mtu mwema, hasira zitamwisha. Nikamuuliza, na shemeji je? Alirudia kupiga randa, mahali pale pale, mara nyingi sana, mpaka ubao ukaonekana umekuwa mwembamba upande huo na mimi nikajua umeharibika. Kisha akaniambia niende nyumbani, mama atanitafuta.

Nimefikiri siku mbili. Nimemwomba baba Jumamosi hii anipe nafasi nisome kitu mbele ya wote. Hakuniuliza ni kitu gani. Anadhani kuna mtu amenipa matengenezo mapya ya kuandika, na kwamba nataka daftari lirudi kuwa kama zamani. Dada, alifurahi. Ni mara ya kwanza tangu ajali namwona akifurahi. Amesema atawaambia wote waje, na ameanza kufagia karakana tangu leo asubuhi. Hilo linaniumiza kuliko yote niliyokwisha kuandika.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie yeye kwanza, tukiwa wawili. Naogopa atanipenda. Atafanya kama alivyofanya baba mkwe wako, atanifunika, atatafuta njia ya kupatana na mwenzake kimyakimya bila watu kujua sababu. Hapo nitakuwa nimefichwa na wazee wawili badala ya mmoja, na baba mkwe wako ataendelea kuwa mwongo mdomoni mwa Muuza Maji na kila anayemsikiliza. Daktari naye ataendelea kumwambia muuguzi kwamba amelala. Baba mkwe wako aliitwa mwongo mbele ya watu, kwa hiyo mbele ya watu hao hao ndipo atakaposafishwa. Baada ya hapo sijui watanifanya nini, na sijui Daktari atanitazamaje nikienda kumsomea gazeti. Lakini nimepanga kwenda.

Barua hii niliianza nyumbani na ninaimalizia darasani saa ya mapumziko, na nitaitia posta kabla kengele ya mchana haijalia. Nimeambiwa itakufikia Ijumaa. Nakuomba ikifika umpe shemeji aisome yote, usimchagulie kurasa kama mimi nilivyomchagulia mama. Ajue kwamba baba yake hakuficha kitu, na kwamba alinyamaza kwa ajili ya mtoto asiye wake. Mimi ni mwoga, dada, nimekwishakuonyesha. Nikifika Jumamosi na miguu ikanikatalia, wewe piga simu kwenye simu ya mama, iko sauti ya juu, sema kila kitu.

Salamu nyingi kutoka kwa mama, anasema tena usibebe ndoo. Baba hajui kwamba nakuandikia, ila jana alisimama mbele ya picha yako ya harusi muda mrefu, nami nazihesabu hizo kuwa salamu zake. Nisalimie shemeji, na umwombe radhi kwa ajili yangu mpaka nitakapokuja kumwomba mwenyewe. Mtoto akizaliwa salama, mtuandikie mara moja, jina lake na uzito wake.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mstari mwekundu. Ni ile yenyewe, sikuinakili; maneno yake ya kusema Jumamosi nimeyashika kichwani. Niliogopa kwamba nikibaki nayo mpaka Jumamosi, nitaichoma.

Ni mimi mdogo wako,
anayekupenda na kukuheshimu.